Kuhama Android ya kawaida kwenda mfumo usio na watu wengi, nani amejaribu hapa Uganda?

MamaNasra_Busia

Habari zenu ndugu zangu. Mi niko Busia upande wetu wa Uganda, nauza mitumba, nguo za watoto na mashuka, na karibu biashara yangu yote imo ndani ya simu. Asubuhi nikifungua belo napiga picha, naweka kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja wa Tororo au Mbale anachagua, anatuma sente, mzigo unapanda teksi. Kwa hio naomba mnisome kwa makini.

Mwezi wa pili mdogo wangu alikopa shilingi 150,000 kwenye apu moja ya mikopo ya simu. Akachelewa siku nne. Siku ya tano kila mtu aliyemo kwenye simu yake akaanza kupata meseji, eti huyu ni mwizi, wewe umeandikwa mdhamini wake, mwambie alipe kabla hatujakufuata. Baba mkwe wake aliipata. Mwalimu wa mtoto wake aliipata. Mi iliniingilia nimesimama na mteja, shuka liko mkononi, nikasoma mara mbili nikidhani ni matapeli wa kawaida, kumbe namba ya mkopo ni ya kweli na jina lake limeandikwa vizuri kabisa. Mtoto wa watu alijifungia ndani siku mbili.

Tangu siku hio nikiiangalia hii simu yangu, simu ya bei nafuu ambayo kila ukigusa tangazo linaruka juu ya kioo, nawaza kwamba mle ndani nina namba za wateja zaidi ya 400, wengine ni wake za watu wamenipa namba kwa imani tu. Nani mwingine anazisoma?

Binamu yangu wa Kampala anasema nihamie GrapheneOS, mfumo wa simu unaouweka badala ya ule uliokuja na simu, kuna mtu anauza Pixel 7a (simu ya Google) iliyotumika imetoka Marekani. Mwengine kaniambia Ubuntu Touch, mwengine Huawei ya HarmonyOS, mwengine kasema nunua iPhone basi. Sasa nauliza nyie mliokwisha toka kwenye njia kuu: mlipata nini, mkapoteza nini? Vitu nisivyoweza kukaa bila navyo ni WhatsApp, MoMo (pesa za simu), laini mbili (MTN na Safaricom, maana wateja wa Busia ya Kenya wanalipa kwa M-Pesa), kununua Yaka (umeme wa kulipia kabla), na kamera isiyodanganya rangi, mteja akiona bluu kwenye picha akapokea zambarau ananirudishia na nauli ni juu yangu. Apu ya benki ninayo ila naifungua mara mojamoja.

---

Fundi_GhorofaYaTatu

Nyabo pole sana na mdogo wako mpe pole.

Mi ni fundi, niko Kampala mjini kwenye majengo ya simu, kazi yangu ni vioo na chaji, nitasema ya ufundi tu mengine watasema wenzangu. Simu ikianguka ndo utajua iko njia kuu au iko kichochoroni. Mteja akiniletea Tecno au Infinix au itel iliyopasuka namwambia kaa hapo, natuma kijana chini, kioo kinakuja kabla chai haijapoa. Pixel hapana. Kuna mteja wangu nilimngojea kioo wiki tatu kikaja na mzigo wa Dubai, na kilipofika kazi haikuisha hapo, kwa sababu Pixel kuanzia ya 6 alama ya kidole inasomwa chini ya kioo, ukibadilisha kioo lazima uikalibrishe upya kwa kompyuta na intaneti la sivyo kidole hakisomi. Fundi wa mtaani asiyejua hilo atakurudishia simu atakwambia kidole kimekufa. Kwa hio hesabu bei ya simu halafu ongeza kava gumu na kioo cha kulinda siku hiohio unayonunua, sio wiki ijayo.

La pili ni kubwa kuliko hilo, na watu wanaibiwa hapa kila siku bila hata muuzaji kujua kwamba anauza kitu kibovu. Pixel za Marekani ziko za aina mbili. Kuna za kununuliwa huru, na kuna zilizouzwa na makampuni ya simu ya kule kwa mkopo. Hizo za kampuni, zikishafunguliwa mtandao, unaweza kuzitumia na laini ya MTN bila shida, zinapiga, zinapokea, lakini zingine mlango wa chini wa simu, tunaita butiloda, umefungwa moja kwa moja haufunguki. Ukishindwa kufungua butiloda hakuna GrapheneOS hapo, umenunua Pixel ya kawaida tu.

Namna ya kupima kabla hujatoa sente: iunge intaneti kwanza. Ingia setingi, kuhusu simu, shuka mpaka namba ya toleo, igonge mara 7. Itakuambia umekuwa msanidi. Rudi nyuma ingia chaguo za wasanidi, tafuta palipoandikwa OEM unlocking. Ukiona swichi inasogea, nunua. Ukiona imepauka na haishikiki hata ukiigusa, mrudishie mwenyewe simu yake na umsalimie.

---

Mwalimu_Gulu

Dada yangu, mimi nitakupa upande wa machungu maana nimeyaonja.

2014 nilinunua Nokia Lumia 520, ya njano. Ilikuwa Windows Phone, na nasema kwa moyo mweupe sijawahi kupenda simu kama ile. Ilikuwa na ramu ya MB 512 tu lakini ilikuwa haikwami, vile vigae kwenye kioo vinajigeuza vyenyewe vinakuonyesha meseji na tarehe, kuandika kwake kulikuwa kwepesi, na hapakuwa na takataka za matangazo. Wenzangu kwenye chumba cha walimu walikuwa na Android za bei ileile zinaganda kama ugali wa jana. Nilijiona nimechagua vizuri na kusema kweli kwa wakati ule nilichagua vizuri.

Mwaka huohuo mwezi wa nne Microsoft walikamilisha kununua biashara ya simu ya Nokia. Sisi tulifurahi tukasema sasa mtaji umeingia. Lakini watengeneza apu hawakuja. Mfumo ukiwa na watu wachache mtengeneza apu anahesabu: nitumie miezi kutengeneza kitu kwa ajili ya watu hawa wachache, ya nini? Apu zikikosekana wanunuzi nao wanapungua, wanunuzi wakipungua apu zinazidi kukosekana. Ni duara, na nimelizunguka lote.

Nilivumilia. Hata enzi za kodi ya OTT, 2018, ile ya shilingi 200 kwa siku ukitaka kuingia WhatsApp, nilikuwa nailipa kwenye Lumia ileile. Kilichonitoa ni tarehe 31 Desemba 2019, siku WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye Windows Phone zote. Tulikuwa tumeambiwa mapema, siwalaumu kwa hilo. Ila nilidhani kuhama ni kuhamisha laini tu. Januari nimeweka laini kwenye Android ya kuazima, WhatsApp imefunguka nyeupe, hakuna mazungumzo hata moja, kwa sababu bakapu ya Windows Phone ilikuwa inahifadhiwa OneDrive na Android haikujua kuisoma. Kulikuwa na sauti za marehemu mama yangu mle. Alikuwa anapenda kunitumia sauti badala ya kuandika, ananiuliza kama nimekula. Zimebaki kwenye Lumia, nayo betri ilivimba.

Tazama na wengine. BlackBerry WhatsApp iliondoka mwisho wa 2017, kisha tarehe 4 Januari 2022 kampuni yenyewe ikazima mitambo ya simu zake za zamani, zikawa hazina uhakika hata wa kupiga simu. KaiOS, zile katochi za kisasa zenye WhatsApp, ambazo tuliwanunulia wazee wetu vijijini tukaona tumepata jawabu, Juni 2024 WhatsApp ikatolewa kwenye duka lake. Kila mara mlango wa kwanza kufungwa ni WhatsApp. Kwa hio swali lako la kwanza lisiwe huu mfumo ni mzuri kiasi gani, liwe hivi: WhatsApp ikiondoka humu nitajuaje, na mazungumzo yangu nitayatoaje?

---

Ntinda_256

Mwalimu pole, hio ya sauti za mama imeniuma.

Ila naomba nitenganishe vitu viwili maana watu wanavichanganya na ndo vinaleta woga usio na sababu. Kuna mifumo ambayo ina apu zake yenyewe, kama Windows Phone ilivyokuwa, kama Ubuntu Touch, kama HarmonyOS mpya ya Huawei ambayo tangu 2024 imeacha kabisa kubeba apu za Android na iko zaidi kwa Wachina huko kwao. Hizo duara la mwalimu linazikamata. Halafu kuna mifumo ambayo ni Android yenyewe iliyooshwa, GrapheneOS, LineageOS, /e/OS. Hizi apu zake ni zilezile za kila mtu. Mtengeneza WhatsApp hahitaji kujua kama wewe upo. Kwa hio siku ya 31 Desemba 2019 haiwezi kukukuta kwa namna ile. Kinachoweza kukukuta ni kingine, nitakieleza.

Niko na GrapheneOS mwaka wa pili sasa kwenye Pixel 6a, kazi yangu ni boda ya mizigo na usiku nafanya usanifu wa mabango, simu haizimwi. Kuiweka ilinichukua kama dakika arobaini, waya, laptopu ya kuazima, unafungua ukurasa wao kwenye Chrome unafuata maelekezo, unabonyeza. Data yote ya simu inafutika kwa hio anza na simu tupu. Ukimaliza usisahau kufunga tena butiloda, ndo tofauti yake na hizo za kuflashi (kubadilisha mfumo) kiholela.

Ulichouliza kimoja kimoja:

WhatsApp inafanya kazi yote, simu, video, stetasi, kila kitu. Bakapu ya Google Drive nayo inakubali ukiweka Google Play, na Google Play ndani ya Graphene inakaa kama apu ya kawaida tu, haina ufunguo wa nyumba nzima kama kwenye simu zingine.

MoMo ndo watu wengi wanaiogopa bure. Ilianza hapa 2009 wakati tulio wengi tuna simu za vitufe, ikajengwa kwa namba za nyota. *165# ya MTN na *185# ya Airtel zinapita kwenye laini, mfumo wa simu hauulizwi kitu. Hata Yaka unanunua humohumo. M-Pesa vilevile, *334#. Yaani huku kwetu tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana, wao wakihama wanapoteza kulipa kwa kugusisha simu dukani, maana Google hairuhusu malipo yale kwenye Graphene. Sisi tunalipa kwa laini.

Apu ya benki ndo kile kingine nilichosema. Apu ikifunguka inauliza Google, hii simu unaijua? Google inajibu hii sijaithibitisha. Benki zingine hazijali, zingine zinakufungia mlango hapohapo. Ya kwangu ilinifungia. Nikaandika barua pepe mara mbili hawakujibu. Sasa natumia namba zao za nyota, na kwa kuchapa taarifa ya akaunti naenda kupanga foleni, siwezi kusema hainiumi, mwezi uliopita nilipoteza asubuhi nzima ya kazi.

Kamera: ile ya Graphene yenyewe ni ya wastani, lakini unaweza kushusha kamera ya Google ukaiwekea humo. Rangi za nguo zitatoka sawa.

Sasa lile lililokuleta. Kuna kitu kinaitwa Contact Scopes. Apu ikiomba kitabu cha namba, kwenye simu ya kawaida una majibu mawili, mpe au mnyime, na ukimnyima apu zingine zinagoma kufunguka. Hapa unaipa kitabu kitupu. Yenyewe inaona imepewa ruhusa, inafungua, inakuta kurasa nyeupe. Ukitaka unaichagulia namba moja, au kundi moja, mfano wateja wa Mbale tu. Na kuna swichi ya kuinyima apu intaneti kabisa, apu ya tochi inataka intaneti ya kufanyia nini? Siku ya kwanza nilivyoona hio swichi nilikaa nazima apu moja baada ya nyingine mpaka usiku.

Laini mbili angalia vizuri. Pixel 7a ina tundu moja la laini ya kadi, ya pili ni eSim, laini isiyo na kadi. Nenda ofisi ya mtandao wako uulize kwanza utaratibu wa kuhamisha namba kuwa eSim, na kitambulisho uende nacho.

---

KatoWaJinja

Kwa nini hamzungumzii iPhone? Hapa kwetu iPhone ndo mfumo wa wachache, tembea kwenye teksi yoyote uhesabu. Tangu iOS 18 ya 2024 apu ikitaka kitabu cha namba unaichagulia watu unaowataka tu, hakuna kuflashi, hakuna laptopu. Benki zote zinakubali. Vioo mafundi wanavyo.

Angalizo mbili kwa anayenunua iliyotumika. Iwe imetolewa akaunti ya iCloud ya mwenye nayo wa zamani mbele ya macho yako, asikwambie nitakutumia neno la siri baadae. Na kama ni iPhone 14 kwenda juu iliyouzwa Marekani, haina tundu la laini kabisa, ni eSim tupu. Mama unayeweka laini ya Kenya na ya Uganda utateseka. Na usinunue XR au XS kwa sababu ya bei, apdeti kubwa ziliishia iOS 18, anzia iPhone 11.

---

Binti_Arua

Mama Nasra shikamoo.

Nimesoma yote mara mbili na nashukuru wote mliojibu ila kuna kitu hamjamwambia. Meseji iliyokujia ulipokuwa na mteja haikutoka kwenye simu yako. Ilitoka kwenye simu ya mdogo wako. Namba yako ilikuwa imeandikwa kule, na kule ndo ilichukuliwa. Ungekuwa na GrapheneOS siku hio ungeipata vilevile, ungekuwa na iPhone ungeipata, ungekuwa na katochi ungeipata. Usalama wa namba yangu hauko kwenye simu yangu, uko kwenye simu za watu wote wanaonijua.

Kwa hio ukihama unayemlinda sio wewe. Ni hao wateja 400. Mimi naona hio ni sababu nzuri kuliko ile uliyoanza nayo, lakini ujue unanunua nini.

Na nikuulize, hio apu mdogo wako aliitoa wapi? Maana mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya kukopesha akina mama, ya kukaa chini na kitabu, na kesi hizi zinatufikia. Google kuanzia tarehe 31 Mei 2023 walikataza apu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lao kuomba kitabu cha namba au picha. Ndio maana wengi sasa wanatuma kiungo pembeni, unashusha APK (faili la kusakinisha apu) mwenyewe, hapo haipiti kwenye ukaguzi wa duka. Kama ilikuja hivo basi ugonjwa umeingilia kwenye mlango ambao hata Graphene inao, kwa sababu hata huko ukiruhusu APK na ukaipa kitabu chote, itakichukua.

Tena tuna sheria ya kulinda data binafsi ya 2019, na kuna ofisi yake ya kupokea malalamiko iko chini ya NITA, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Mdogo wako apige skrinshoti za zile meseji kabla hazijafutwa, na nyie mliopata pia mpige. Aibu sio yake.

---

MamaNasra_Busia

Marahaba binti yangu. Hayo uliyoandika nilisoma nikaweka simu chini nikakaa.

Ni kweli. Nimemuuliza, ilikuwa kiungo cha WhatsApp, aliletewa na mtu wa kikundi chao cha akiba ambaye naye alitumiwa na mtu. Alibonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu mpaka ikafunguka kwa sababu mtoto alikuwa anafukuzwa shule kwa ajili ya ada. Hakusoma hata moja na mi ningekuwa yeye nisingesoma. Tumetoa ile apu, tumekusanya skrinshoti kumi na moja kwa watu, wengine walikuwa wanaogopa kumwambia kama walizipata.

Ntinda mwanangu asante, na fundi asante kuliko wote maana Alhamisi nilipanda Kampala. Yule muuzaji wa Pixel akanipa simu, mpya kwa macho, imefutwa vizuri. Nikamuomba intaneti yake. Nikagonga ile namba ya toleo mara saba, yeye ananiangalia tu kama naloga. OEM unlocking imepauka. Nikaibonyeza kwa nguvu kama vile nguvu itasaidia, haikusogea. Nikamwonyesha, kwa haki hakubishana, aliniambia hajawahi kuulizwa hilo na mnunuzi, akatoa nyingine ya pili, imepauka, ya tatu ina mkwaruzo kwenye pembe, swichi ikasogea. Nimechukua hio ya mkwaruzo na amenipunguzia kidogo.

Mwalimu, ya kwako imenifanya siku hiohio nitoe bakapu ya mazungumzo ya baba yetu, nimeyaweka kwenye kadi ya kumbukumbu na kwa kaka yangu pia. Fanya uulize mafundi hapo Gulu kama hio Lumia inaweza kuwekwa betri nyingine, ya 520 inatoka kwa mkono, haihitaji hata bisibisi. Ikiwaka, ziweke zile sauti zicheze na urekodi kwa simu nyingine hata kama zitatoka na kelele.

---

Fundi_GhorofaYaTatu

Mwalimu, betri ya 520 ni BL-5J, ileile ya Nokia za vitufe kadhaa za zamani, hata Gulu utaipata. Iliyovimba usiichaji tena na usiitoboe. Ukikosa niandikie ndani nikutumie kwa basi.

---

Mwalimu_Gulu

BL-5J. Nimeandika kwenye kiganja. Kesho baada ya vipindi nakwenda soko kuu.

---

Ntinda_256

Mama Nasra hongera. Sasa kabla hujaiweka Graphene kaa na hio Pixel siku mbili kama ilivyo, piga simu, pokea, piga picha ya nguo bluu na zambarau mchana na jioni, angalia betri. Kama ina ubovu wa chuma ujue mapema ungali na haki ya kurudisha. 7a ilitoka Mei 2023 na apdeti za usalama ni miaka mitano, una mpaka Mei 2028, baada ya hapo panga kubadilisha, usiizoee kama mwalimu alivyozoea Lumia.

Laini umeamua vipi?

---

MamaNasra_Busia

Safaricom nimeiacha kwenye simu ya zamani, minara ya Kenya inafika mpaka kibandani kwangu, nimefuta kila kitu humo nimebakiza kupokea M-Pesa tu na namba za wateja wa upande ule nimeziandika daftarini. MTN iko kwenye Pixel. Apu ya benki bado sijaijaribu, ikigoma nitaenda dirishani kama zamani, tawi liko karibu na mimi.

Nimeanza kugawa wateja kwa makundi, Tororo, Mbale, Iganga, Malaba. Nimefika 130. Wengine nimekuta nimewaandika "Shuka Pinki" na "Mama Suruali" sijui hata ni nani, inabidi niwapigie mmojammoja niwaulize jina.

Mdogo wangu naye anataka simu yake ioshwe, ila ni itel na nimesoma Graphene inataka Pixel. Kwa simu ya itel anaweza kufanya nini leo, bila kununua kitu?

---

Binti_Arua

Aingie setingi, apu, ruhusa, afungue palipoandikwa kitabu cha namba, ataona orodha ya apu zote zinazokisoma. Mwambie akae na wewe mzipitie pamoja, moja moja, na kila moja aseme kwa sauti inakitaka cha nini. Asipopata jibu azime. Kisha kwenye ruhusa maalumu kuna ya kusakinisha apu zisizojulikana, WhatsApp na Chrome zote mbili azime hapo, ili kiungo kingine kikija simu igome yenyewe. Ni bure na hakuna laptopu.

---

MamaNasra_Busia

Tumekaa nayo sasa hivi, yuko hapa pembeni yangu. Apu 23 zilikuwa zinasoma kitabu chake. Apu ya kalenda ya mimba, ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la pili, bado ilikuwa inasoma. Amebakiza nne. Ntinda, Jumamosi nakuja na waya wangu, laptopu ndo sina, utakuwepo asubuhi?

---

Ntinda_256

Nipo. Njoo kabla ya saa nne, mchana umeme wa huku hauaminiki.